Wazamiaji Wamebaki: Jinsi ya Kuandika Kitabu cha Pili cha Uvamizi wa Angani Ukiwa Mwanza

Hadithi yangu ya kwanza ilikuwa imefika sura ya kumi na moja pale mama mmoja muuza dagaa wa Mwaloni, Kirumba, aliponisimamisha. Nilikuwa nawatumia wasomaji sura moja kwa simu kila Jumamosi, na binti yake alikuwa akimsomea jioni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hivi huyo Kabula wako amevua dagaa usiku gani?"

"Usiku wa mbalamwezi, mama. Ndipo akawaona wale wageni wakishuka."

"Mbalamwezi nani anawasha karabai, mwanangu? Dagaa hawaji. Wavuvi wote wako nchi kavu wanashona nyavu."

Alikuwa sahihi. Dagaa huvuliwa gizani, kwa taa inayowavuta juu. Mwezi ukikomaa, mwanga wa taa humezwa na mwanga wa mwezi, na kambi hupumzika. Nilikuwa nimeisimamisha sura nzima juu ya usiku ambao ziwani hakuna mtu. Tangu siku hiyo sijaandika ukurasa wa uvamizi bila kwanza kuuliza Ziwa Victoria lenyewe linafanyaje kazi, na karibu kila kitu nitakachokueleza hapa kimetokana na zoea hilo.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyemaliza kitabu cha kwanza cha uvamizi wa viumbe wa angani, kwa wasomaji wa umri wa sekondari, na sasa wanakuuliza "halafu?" Mifano naitoa kwenye hadithi yangu: Kabula, msichana wa miaka 17 kutoka Igogo, mdogo wake Magesa wa miaka 13, na viumbe walioshuka ziwani wakatua chini kabisa. Wavuvi waliwapa jina la Wazamiaji, kwa kuwa walizama na kwa kuwa waliingia bila kibali cha mtu.

Hatua ya 1: Andika madeni

Nunua kaunta buku. Soma kitabu chako cha kwanza tangu mwanzo kama vile kimeandikwa na mtu mwingine, na kila ulipomwahidi msomaji jambo, liandike. Mlango uliofunguka ukaachwa wazi. Mtu aliyepotea bila maiti yake kuonekana. Jeraha la mguu wa kushoto (angalia lisihamie wa kulia). Mimi nilipata madeni 34, na 9 kati ya hayo nilikuwa nimeyasahau kabisa, likiwemo la mbwa.

Chagua matatu utakayolipa kwa ukamilifu. Mengine yalipe kwa sentensi moja moja njiani. Msomaji kijana ana kumbukumbu kali kuliko yako. Atakuuliza mbwa alikwenda wapi.

Hatua ya 2: Badili swali

Hapa ndipo vitabu vingi vya pili vinapofia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kitabu cha kwanza kinauliza: tutapona? Aliyeshika kitabu cha pili anajua jibu, maana wahusika wako bado wana majina na wanapumua. Ukiuliza swali lilelile kwa kuleta wavamizi wengi zaidi, meli tatu badala ya moja, unampakulia kiporo kwenye sinia kubwa. Kitabu cha pili kinahitaji swali lake, nami naamini swali hilo ni hili: tunaishije na kilichobaki?

Sisi wa kanda hii hatuhitaji kwenda mbali kulitafutia jibu. Ziwa letu limekwisha kuvamiwa, tena zaidi ya mara moja.

Mtazame sangara. Hakuwa samaki wa ziwa hili. Aliletwa na kupandikizwa miaka ya 1950 na 1960. Kwa muda hakuonekana kuwa na madhara makubwa, kisha miaka ya 1980 akalipuka kwa wingi. Aliwala furu, wale samaki wadogo wa rangi rangi waliokuwa na mamia ya spishi zisizopatikana penginepo duniani, na spishi nyingi mno zikatoweka ndani ya miaka michache tu. Huo ni uvamizi kamili: mgeni mkubwa, mwenye njaa, asiye na adui.

Sasa tazama kilichofuata. Viwanda vya minofu vilijengwa, ndege zikabeba sangara kwenda Ulaya, na watoto wakasomeshwa kwa samaki huyo. Mapanki, yale mifupa yenye kichwa yanayobaki minofu ikishatolewa, yakawa kitoweo cha wasio na uwezo wa kununua minofu. Leo bondo la sangara, kile kifuko cha hewa cha tumboni, kikikaushwa bei yake kwa kilo inaiacha mbali bei ya nyama yenyewe. Mwambie mvuvi wa sangara kwamba umepata dawa ya kumaliza sangara wote kesho asubuhi, uone kama atakushukuru. Na baada ya sangara kuvuliwa sana, baadhi ya furu wamerudi. Dagaa, mdogo kama alivyo, hakutoweka hata siku moja.

Umeona kitabu cha pili kilivyojaa humo? Mvamizi aliyegeuka riziki. Aliyedhaniwa ametoweka akarudi. Mdogo aliyedumu kwa kuzaana haraka.

Kwenye hadithi yangu, Wazamiaji walioshindwa waliacha magamba yanayoelea hadi ufukweni. Gamba likisagwa hutoa joto linaloweza kuchemsha sufuria siku nzima bila mkaa. Mwalo mmoja, pale mitumbwi inapotia nanga, umetajirika kwa magamba hayo. Mjomba wake Kabula ana watoto wanane, na ada zao zote zinatoka humo. Kabula, aliyeapa mwisho wa kitabu cha kwanza kuwamaliza Wazamiaji waliobaki, sasa ana adui mmoja chini ya maji na mjomba juu ya maji, na mjomba ndiye mgumu zaidi. Sikuhitaji meli ya pili.

Somo jingine liko kwenye magugu maji. Yalitoka Amerika Kusini, yakaingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, yakiwa na ua zuri la zambarau. Hayakumpiga mtu. Yalifunga mialo, mitumbwi ikashindwa kutoka, konokono wa kichocho na mbu wakapata makazi. Miaka ya 1990 waliletwa mbawakawa wadogo kutoka hukohuko yalikotoka magugu, wakayatafuna. Mwandishi akijiuliza "mvamizi wangu anamuogopa nani huko kwao?" tayari ana nusu ya msuko.

Hatua ya 3: Mpe mvamizi sababu, na umpe kikomo

Tafadhali usiseme wamekuja kuchukua maji. Maji yamejaa tele angani katika umbo la barafu, na wanasayansi wana ushahidi mzito kwamba Europa, mwezi mmoja wa Jupiter, una bahari nzima chini ya ganda lake. Kiumbe mwenye uwezo wa kusafiri kati ya nyota hana haja ya kuja kugombea ndoo na watu wa Mabatini.

Jiulize kwa nini ziwa hili na si jingine. Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, lakini kina chake hakizidi sana mita 80. Tanganyika linashuka hadi mita 1,470 hivi. Kwa hiyo kiumbe anayetaka kujificha angekwenda Kigoma. Aliyekuja kwetu anataka kitu kingine, na hicho kitu nilikipata kwenye oksijeni.

Ziwa Victoria halichanganyiki sawasawa mwaka mzima. Miezi ya joto, maji ya juu hulala juu ya yale ya chini kama mafuta juu ya mchuzi, mwani mwingi uliokufa huozea chini, na sehemu za kina hukosa oksijeni kabisa. Kati ya Juni na Agosti upepo wa kusini hupoza maji ya juu, yakazama, na ziwa likajikoroga hadi chini. Wazamiaji wangu hawaivumilii oksijeni. Kwa hiyo wana makazi kwa miezi kadhaa, kisha kila kipupwe ziwa linawavamia wao. Hapo hadithi nzima ikapata saa: inaanza Machi, na kila mhusika anajua Juni inakuja. Wazamiaji watapanda juu kutafuta pa kwenda. Wataomba, au watachukua?

Kikomo cha pili ni umbali. Nyota iliyo karibu zaidi na Jua letu, Proxima Centauri, iko zaidi ya miaka 4 ya mwanga. Wito wa msaada uliotumwa mwisho wa kitabu cha kwanza utafika baada ya miaka 4, na jibu litachukua 4 mingine. Kabula atakuwa na miaka 25. Chombo cha Voyager 1 kilichorushwa na Marekani mwaka 1977, kwa mwendo wake wa takriban kilomita 17 kwa sekunde, kingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kuukata umbali kama huo. Wazamiaji wako hawana kwao pa kurudi. Nilipoelewa hivyo niliacha kuwachukia kirahisi, na nadhani kitabu kilinufaika.

Hatua ya 4: Ramani na kalenda ukutani

Chora ramani kwa mkono. Weka Igogo, Kirumba, Bugando juu ya kilima chake, Capri Point, Kamanga na kivuko chake, Jiwe la Bismarck likiwa limebebana majini. Weka Saanane, hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini, dakika chache kwa boti kutoka mjini. Weka visiwa vya Ukerewe, penye mji wa Nansio, na Ukara. Kisha pita njia za wahusika wako kwa kidole ukihesabu saa.

Kagua kilichobadilika tangu kitabu cha kwanza. Kama wahusika wako walivuka Busisi kwa pantoni, sasa kuna Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025. Kitabu chako cha pili lazima kijue. Daraja la kilomita 3 juu ya maji yenye Wazamiaji ni sura ambayo nisingeiacha hata kwa fedha.

Miamba itumie vizuri. Nyumba za Mabatini na Isamilo zimepanda juu ya mawe ambayo gari halifiki. Mtu anabeba ndoo kwa miguu hadi mlangoni. Hilo linalowachosha watu kila siku ndilo litakalowaokoa siku mvamizi anapotoka majini.

Kwenye kalenda weka mambo matatu: mwezi unapoandama na unapopevuka, msimu wa mvua, na kipupwe. Ongeza radi. Ziwani radi hupiga zaidi usiku kuelekea alfajiri: nchi kavu hupoa haraka, pepo zake hukimbilia ziwani kutoka pande zote, hukutana juu ya maji ya vuguvugu na kuisukuma hewa yenye unyevu juu. Mchana mambo hugeuka, mawingu yakasimama nchi kavu. Ukitaka dhoruba ya saa nane mchana katikati ya ziwa, inawezekana, lakini mvuvi anayesoma ataona kwamba ulihitaji tu kelele.

Hatua ya 5: Kula, kunywa, kulinda

Vijana husoma hadithi hizi kwa sababu moja wasiyoitamka: wanataka kujua kama wao wangeweza. Kwa hiyo kila jambo la kuokoka liwe kweli.

Chakula kisichohitaji friji tunacho. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa. Matobolwa ni vile vilivyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa. Vyote hukaa muda mrefu. Changanya na dagaa wakavu na mhusika wako ana wanga na protini ndani ya kiroba kimoja.

Maji ya ziwa yachemshwe. Pasipo kuni, yajazwe kwenye chupa za plastiki zinazoonesha, maji yakiwa maangavu, yalazwe kwenye jua kali kwa saa 6. Kukiwa na mawingu mengi, siku 2. Usimfiche shujaa wako kwenye majani ya ukingoni kwa nusu siku bila gharama, maana minyoo ya kichocho hutoka kwa konokono na kupenya ngozi. Magesa alijificha humo sura ya sita. Sura ya kumi na nne akaona damu kwenye kinyesi. Wasomaji watatu waliniandikia kwamba walimwambia mama zao jambo walilokuwa wakilificha.

Ulinzi usiuagize kutoka jeshi la kubuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe na ujambazi vilipozidi, wanavijiji wa Usukumani na Unyamwezini waliunda sungusungu. Mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa kijiji kimoja hupokewa na cha pili, kisha cha tatu, na mwizi anajikuta amezungukwa. Mfumo huo hauna umeme wala mnara wa simu wa kuangushwa. Andika pia upande wake mgumu: kundi lenye hasira linaweza kumhukumu mtu asiye na hatia kabla jua halijachomoza. Kwenye hadithi yangu ndivyo alivyokaribia kufa mjomba.

Hatua ya 6: Wahusika waliokwisha kuumia

Watu wa kitabu cha pili si wale wa kitabu cha kwanza. Kabula hapiti tena njia ya ufukweni. Magesa halali mpaka asikie mtu mwingine anakoroma. Usiwaandikie hotuba za huzuni, waandikie mazoea.

Kuhusu wazazi: hadithi za namna hii hupenda kuwaua ili vijana wabaki huru. Kwetu hilo halifanyi kazi, kwa sababu yatima wa Igogo hafikishi jioni kabla shangazi, mama mdogo au jirani hajamchukua. Uhuru wa kijana wa huku hutoka penginepo: hutumwa. "Kabula, nenda Nansio kampelekee bibi dawa." Sentensi hiyo ya mama yake ilinipa sura tano. Aliondoka akiwa na baraka, nauli na onyo, na kila alichokiuka njiani kilimwuma kwa sababu kuna mtu aliyekuwa akimsubiri.

Sasa jambo ambalo naomba ulichukulie kwa uzito wote. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kufika Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Wengi wamezikwa Igoma. Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara, na zaidi ya watu 200 wakapotea. Msomaji wako anaweza kuwa mtoto au mjukuu wa mmoja wao. Mimi niliandika sura ya meli kupinduliwa na Wazamiaji, mia tatu ndani, nikaona ni sura kali. Jirani yangu aliisoma kurasa mbili akanirudishia simu bila neno. Niliifuta yote. Mahali pake nimeweka kiatu kimoja cha shule kilichoelea hadi mwaloni, na mzee anayekiweka juu ya jiwe kila asubuhi ili mwenyewe akija akione.

Usitumie majina ya meli hizo kwenye msisimko. Ukihitaji watu wafe majini, mpe msomaji mtu mmoja, mwenye jina, na umruhusu aombolezwe.

Hatua ya 7: Sura ya kwanza

Usimsimulie msomaji kitabu kilichopita. Weka kitu kimoja kilichobadilika, na umwache mhusika akiguse. Yangu inaanza hivi:

*Mama alipuliza gamba kama anavyopuliza mkaa, ingawa gamba halihitaji kupulizwa. Chai ilichemka. Kabula hakuinywa. Alijua gamba lile lilitoka wapi, na alijua aliyekuwa ndani yake alikufa akiangalia nini.*

Aliyesoma cha kwanza anakumbuka yote. Asiyesoma anataka kujua.

Hatua ya 8: Kabla hujakitoa

Soma kwa sauti sura zote, mbele ya mtu. Mazungumzo yapitishwe kwa wenye lugha: mwenye Kikerewe akague bibi wa Nansio, mwenye Kisukuma akague "mwangaluka" yako, salamu ya asubuhi, isije ikasemwa jioni. Namba ya ISBN hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Hakimiliki isajili COSOTA. Omba namba mapema, kabla hujachapa jalada.

Na kama unatafuta wasikilizaji wa rasimu wenye nafasi na macho makali, angalia kalenda uliyoibandika ukutani. Nenda mwaloni siku za mbalamwezi, mchana, ukiwa na karatasi zako. Watakuwa wamekaa kivulini wanashona nyavu.